Vibua Waliokulia Mahakamani

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Araba Otsiwa alikuwa akikandika udongo mpya kwenye mdomo wa tanuri lake la kukaushia samaki pale karani wa mahakama alipompigia simu kumwambia kwamba mfuniko wa friza ya mahakama haufungi tena.

"Umeganda barafu?" Araba aliuliza.

"Hapana, mama. Samaki wako wamekua."

"Kiasi gani?"

"Sijawapima. Ila nimeweka vitabu vitatu vya sheria juu ya mfuniko na bado unainuka. Na maji yangu ya kunywa hayapoi."

Araba alisema atafika kesho. Alinawa udongo, akaufunika uliobaki kwa fulana ya zamani ili usikauke, akaenda kumwambia jirani yake Aba Yaaba kwamba samaki wa kesi wamekua. Aba alikuwa akichagua mawe kwenye mchele. Alisema kwamba samaki wakubwa huwa wanakula nafasi, akaendelea na mchele wake.

Fulana hiyo ilikuwa ya semina. Araba alikuwa na sanduku zima la fulana za aina hiyo, maana alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita katika kazi ya kupigania samaki. Mbele ziliandikwa maneno kama Samaki Wetu Chakula Chetu, na nyuma majina ya wafadhili waliokuwa wamekwisha ondoka. Alizichana akashikia treya za moto. Kazi hiyo ilikuwa imemlaza katika hoteli za miji kumi na moja, na katika kila semina kuhusu samaki alikuwa amelishwa kuku. Watu wa semina walisema wanapigania uhuru wa chakula. Araba alipopewa kipaza sauti na kuulizwa maana ya uhuru huo, alijibu kwamba mtu wa Abakamno, kijiji chake, ale samaki wa Abakamno, na amjue kwa jina mtu aliyemvua. Watu walipiga makofi, halafu kuku akaletwa.

Hakuyapuuza makofi hayo. Ila alikuwa akirudi nyumbani na kukuta mtumbwi umeingia na samaki wa kujaza beseni moja, na wanawake arobaini wamesimama na mabeseni arobaini. Yeye ndiye aliyekuwa konkohene, mkuu wa wanawake wauza samaki wa Abakamno, na hakuna samaki anayeuzwa pale ufukweni kabla konkohene hajataja bei ya kapu la kwanza. Mama yake, konkohene kabla yake, alikuwa akitaja bei huku amezungukwa na makapu. Siku hizi Araba alitaja bei ya kapu la kwanza, na mara nyingi lilikuwa hilo hilo la mwisho.

Waliojua samaki wamekwenda wapi walikuwa wengi. Meli za kukokota nyavu ziliingia hadi maji ya karibu, ambayo kwa sheria ni ya mitumbwi, zikazoa kila kitu hadi watoto wa samaki. Watoto hao waligandishwa kwa mafungu mapana kama matofali, kisha wakauzwa kwa watu wale wale walionyang'anywa. Araba hakuwahi kununua tofali hata moja. Wanawake wengine walinunua kwa sababu tanuri haliwezi kukaa bure, naye hakuwasema vibaya, lakini alikuwa akipita mbele ya matanuri yao akitazama upande mwingine.

Halafu meli moja ikakamatwa. Ubavuni iliandikwa namba 16, na jina lake lilikuwa limepakwa rangi juu ya jina jingine. Ilikuwa imepita juu ya wavu wa Kobina Abew, nahodha mwenye mdomo mrefu kuliko kasia lake. Boti ya doria ikafika, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na afisa wa samaki akapanda melini akashuka na tofali moja la vibua. Aliwapima pale pale mchangani. Kila kibua alikuwa na urefu wa kidole cha shahada cha Kobina, kwa sababu rula ya afisa ilikuwa imevunjika. Aliandika hivyo hivyo kwenye ripoti, na tofali likapelekwa kwenye friza ya mahakama kuwa kielelezo. Muda mfupi baadaye alihamishiwa kaskazini, kwenye wilaya ambayo maji yake yote yako visimani.

Kama meli ingepatikana na hatia, ingenyang'anywa leseni, na nyingine zingeogopa. Hilo ndilo Araba alilowaambia wanawake. Aliwaambia wasibomoe matanuri yao. Aba Yaaba alikuwa na mtoto wa kike mjini aliyekuwa akiuza mapaja ya kuku ya kutoka ng'ambo, na mtoto huyo alikuwa amekwisha mpangia mama yake chumba. Aba na Araba walikuwa wamebebeana makapu tangu wakiwa wasichana, na matanuri yao yalishirikiana ukuta mmoja.

"Nitasubiri kesi," Aba alisema. "Ikiisha vizuri nabaki. Ikiisha vibaya nakwenda kuuza kuku, na wewe usije ukanililia mlangoni."

Mahakama ilipanga kesi isikilizwe Alhamisi, baada ya wiki mbili. Araba ndiye aliyekataa. Alhamisi manahodha wote wako baharini, na shahidi gani ataacha siku ya kazi? Jumanne ndiyo siku ambayo bahari inapumzika na hakuna mtumbwi unaogusa maji, tangu enzi za mababu wa mababu. Araba mwenyewe alizaliwa Jumanne, ndiyo maana akaitwa Araba. Aliandika barua kuomba kesi za uvuvi zisikilizwe Jumanne ili wavuvi wote waje kwa miguu yao wenyewe, na akaweka saini. Ilikuwa barua nzuri. Hakimu aliisoma akakubali mara moja, akaagiza kwamba kuanzia hapo kesi zote za samaki zitakuwa za Jumanne. Tatizo ni kwamba Jumanne hakimu huyo alikuwa akihukumu katika mji mwingine, na ya kwanza aliyokuwa na nafasi ilikuwa baada ya miezi mitano.

Kwa hiyo Jumatano, siku iliyofuata ile simu, Araba alipanda gari hadi mji wa wilaya. Karani aliitwa Bwana Quainoo, mtu mwembamba aliyevaa shati la mikono mirefu hata kwenye joto, na aliyejua kila faili lilipo kwa harufu. Aliondoa vitabu vya sheria akafunua friza. Tofali la barafu lilikuwa limepasuka katikati. Vibua walikuwa wamelala vizuri mmoja kando ya mwingine, macho wazi, kila mmoja na urefu wa kiganja.

"Jana na leo wako sawa," Bwana Quainoo alieleza. "Jumanne hawakui. Nimewachunguza wiki nne. Siku nyingine zote wanakua, hata umeme ukikatika. Hawaozi pia. Kwa hilo sina malalamiko."

Araba alimgusa mmoja. Alikuwa wa baridi na mgumu, samaki wa kawaida kabisa. Alielewa bila kuambiwa. Hao walikuwa wakifikia ukubwa ambao wangekuwa nao kama wangeachwa baharini, wala hawakuona sababu ya kuacha kwa kuwa tu wamekufa. Kwa kitambo kidogo alifurahi, kama mtu anayeona mtoto wa marehemu ndugu yake amekuwa kijana. Kisha akakumbuka kesi inahusu nini.

"Andika kwamba wamekua," alisema.

"Niandike wapi, mama?"

"Kwenye karatasi zako."

Bwana Quainoo alifungua droo kwa uungwana, akamwonyesha. "Nina fomu ya kielelezo kilichopotea. Nina ya kilichooza, na ya kilichopungua, hiyo ni kwa ajili ya mafuta na pombe. Ya kilichoongezeka sina. Hawajawahi kuchapisha."

"Basi tumia ya kupungua, ukate neno."

"Nikikata neno kwenye fomu ya serikali, nitakaa kizimbani mimi."

Araba akaomba kesi irudishwe Alhamisi, Alhamisi yoyote, hata kesho. Bwana Quainoo alitoa faili na kumwonyesha barua yake mwenyewe, pamoja na saini, na chini yake amri ya hakimu. Alisema ili kubadilisha amri hiyo lazima yafanyike maombi, na kwa kuwa ni maombi ya kesi ya samaki, yatasikilizwa Jumanne.

Araba alirudi nyumbani amekaa karibu na dirisha la gari, na njia nzima alijichukia. Si meli aliyoichukia siku hiyo. Alijichukia yeye na ile barua yake nzuri.

Jumanne ya kwanza hakimu aliumwa jino. Ya pili, baada ya miezi minne, wakili wa meli alikuwa amefiwa na shangazi. Ya tatu mahakama ilikuwa ikipakwa rangi. Kila mara manahodha wa Abakamno walifika wote, wamevaa nguo za kanisani, wakakaa kwenye benchi hadi saa saba, wakala dokono, ile sima ya mahindi yaliyochachuka, na pilipili chini ya ukuta wa mahakama, wakarudi. Kila mara Araba alifunua friza. Bwana Quainoo alikuwa ameacha kuweka vitabu na sasa aliufunga mfuniko kwa kamba ya katani. Mifuko yake ya maji ya kunywa aliihamishia kwenye ndoo.

Karibu miaka mitatu ilipita hivyo. Wanawake kumi na wawili walibomoa matanuri yao, matofali wakajengea mabanda ya kuku. Aba hakubomoa. Kila Jumanne ya kesi alikuwa akimuuliza Araba swali moja tu, "Wamefika wapi?", na Araba alionyesha kwa mkono. Kwanza kiganja, kisha kifundo cha mkono, na mara ya mwisho karibu na kiwiko.

Siku kesi iliposikilizwa, kibua wa kwanza aliwekwa mezani juu ya gazeti. Alikuwa mnene, mgongo wa buluu unang'aa, na tumbo limejaa mayai. Hakimu, mama mmoja mtulivu mwenye miwani ya kusomea, aliagiza apimwe. Bwana Quainoo alileta rula nzima. Sheria inataka kibua asivuliwe akiwa chini ya urefu fulani, na huyo aliupita urefu huo mara mbili.

Wakili wa meli hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Alivaa viatu safi na aliwaita wazee wote "baba". Alimwita Kobina Abew kizimbani.

"Baba, unasema samaki hawa walikuwa sawa na kidole chako."

"Hiki hapa," Kobina alisema, akakiinua.

"Kidole chako kimekua tangu siku ile?"

"Hakijakua."

"Basi samaki akue kwa nini?"

"Mimi ni mzee, bwana wakili. Samaki alikuwa mtoto."

Hakimu aliandika hayo. Wakili alisema kwamba hana ugomvi na samaki kukua, yeye mwenyewe ana watoto. Ila mbele ya mahakama kuna ripoti ya afisa inayotaja kidole, na kuna samaki anayekataa ripoti hiyo kwa mwili wake mwenyewe. Aliomba mahakama imsikilize samaki.

Araba aliomba ruhusa ya kusema, akapewa. Alikuwa amesema mbele ya mawaziri na mbele ya watu waliovaa vifaa vya kutafsiria masikioni, lakini siku hiyo alikwenda kwanza akasimama kando ya samaki.

"Mheshimiwa, hawa wamekulia hapa," alisema. "Walikuja wadogo. Sisi tumeahirisha, wao hawakuahirisha. Huu urefu unaouona ndio tulioibiwa. Yule mmoja ana mayai, hesabu na hayo mayai. Mtu aliyewatoa baharini aliwatoa wakiwa kidole, na mimi niliwaona."

"Ninakuamini, mama," hakimu alisema, na alionekana kuamini kweli. "Wala sishangai, nimewahi kuona kesi ya ardhi iliyozaa watoto na wajukuu. Lakini sheria hainiulizi samaki alikuwa nani. Inaniuliza samaki aliyeletwa mbele yangu ana urefu gani."

Meli iliachiliwa. Tofali, au wale waliokuwa tofali, walirudishwa kwa mwenye mali. Aliyetia saini kuwapokea ni wakala wa kampuni, kijana wa kiume wa mjini aliyekuwa akitazama saa. Masanduku manne hayakutosha, ikabidi aazime na ndoo ya Bwana Quainoo. Hakuwa na pa kupeleka samaki wengi hivyo, na soko la karibu lilikuwa Abakamno.

Gari la manahodha lilipofika juu ya kilima, pale bahari inapoanza kuonekana, wote waligeukia madirishani. Mitumbwi yote ilikuwa imelala mchangani kwa sababu ni Jumanne. Meli namba 16 ilikuwa kwenye maji ya karibu, inakokota polepole, na ndege wengi wanaifuata. Kobina aliitazama hadi nyumba zikaificha.

"Wenzetu hawana Jumanne," alisema.

Asubuhi ya Jumatano wakala alishusha masanduku yake ufukweni. Wanawake walikusanyika na mabeseni. Muda mrefu hawakuwa wameona vibua kama wale, na wengine walikuwa wakimeza mate. Kijana alitaka kuanza kuuza, akaambiwa angoje. Hakuna anayeuza kabla konkohene hajasema. Akauliza konkohene ni nani, na wakamwonyesha mwanamke ambaye jana alikuwa akimtazama mahakamani.

Araba alikuja amevaa kitambaa chake cheusi cha mazishi. Alisimama mbele ya masanduku. Angeweza kukataa kutaja bei, na samaki wangeozea pale, ikiwa kweli wangeoza. Aliwafikiria. Halafu akawatazama wale wanawake na mabeseni yao, akaona aibu kwamba amefikiria hivyo.

Akainua kidole cha shahada.

"Bei ya hawa," alisema.

"Yaani?" kijana aliuliza.

"Mama anataja bei ya samaki wa urefu wa kidole," Aba Yaaba alimfafanulia. "Ndio mliowavua, au siyo? Kama mliwavua wakubwa, rudi mahakamani ukapate fomu."

Kijana alipiga simu mjini, akaongea akiwa amegeuka. Aliporudi alisema sawa, auze tu, kwa kampuni hiyo ni hela ya vocha. Wanawake waliwanunua wote kwa bei ya kidole, na hadi saa tano mchanga ulikuwa mtupu.

Jioni ile moshi ulitoka kwenye matanuri yote yaliyobaki Abakamno. Aba alipika mchuzi wa mawese, akakaa na Araba na Kobina kuzunguka sufuria moja, kila mtu na kibua mzima ambaye mkia wake ulitoka nje ya sahani. Walikula bila haraka. Nyama ilikuwa tamu, haikuwa na kasoro. Walipomaliza, mifupa ilijaza beseni, na Kobina akashika tumbo lake.

"Nimekula samaki kama mkono wangu," alisema, "na tumbo linauliza chakula kiko wapi."

"Mimi pia," Aba alisema.

"Mmekula kidole," Araba aliwaambia.

Ilikuwa hivyo katika nyumba zote. Watu walilamba sahani, kisha wakapeana zamu ya kutafuta unga wa muhogo, dokono, chochote kilichobaki jana. Watoto walilia kidogo, wakapewa mikate. Hakuna aliyelalamika kwamba amedanganywa, kwani kila mmoja alikuwa amelipia alichokula.

Aba alibomoa tanuri lake Ijumaa. Araba alimsaidia. Walianza juu, wakapanga matofali kando, na walipofika kwenye ukuta wa pamoja wakaacha kwanza wakakaa. Aba alisema ukuta huo auache, kwa kuwa nusu si yake. Araba alitaka kumwambia asiende. Miaka ishirini na sita alikuwa amewaambia watu wabaki, na maneno alikuwa nayo mengi, lakini alipofungua mdomo alimwomba tu akifika mjini asile hayo mapaja, maana yanakaa kwenye barafu miaka.

"Hayo angalau hayakui," Aba alisema, akacheka, kisha akajifuta macho kwa fulana ya semina.

Aliondoka Jumapili baada ya kanisa. Araba alibeba kapu lake hadi kituoni, akalitua ndani ya gari na kulikandamiza lisianguke.

Miezi miwili baadaye boti ya doria ilifika tena, ikiwa na afisa mpya na rula mpya, na tofali jingine likashuka kutoka kwenye meli ile ile. Walikuwa vibua wa urefu wa kidole. Araba alipiga picha, akaandika tarehe, akawaita manahodha watano wakatia dole gumba chini ya vipimo. Aliandika barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Aliomba kesi isikilizwe siku yoyote, hata Alhamisi, hata Jumamosi wakati wa mazishi, mradi iwe wiki hiyo. Alikwenda mwenyewe hadi mji wa wilaya, tofali limefungwa kwa fulana tatu na linadondosha maji juu ya miguu yake.

Bwana Quainoo aliisoma barua yote, akaipiga muhuri. Alisema ni barua nzuri na ataipeleka mbele. Kwa kuwa ni kesi ya samaki, itakuwa Jumanne. Akafungua kalenda na kutafuta, akigeuza kurasa moja baada ya nyingine, hadi akapata iliyo wazi.

Kisha akafunua friza. Kabla ya kulipokea tofali, alitoa mifuko yake yote ya maji akaipanga kwenye ndoo, ili samaki wawe na nafasi ya kukua.